Maneno ya Kumlilia Bibi wa Naoki

Mama Leokadia tulimzika Isingiro, nyuma ya nyumba yake, pale kahawa zinapoishia na migomba inapoanza. Nilirudi Kayanga kesho yake, na hata viatu vyenye udongo wa kule nilikuwa sijavivua Naoki alipopiga simu kutoka Japani. Nilikuwa nimemtumia ujumbe mfupi tu wa kumjulisha. Nilitegemea aniulize marehemu aliugua nini, aliteseka au hakuteseka, na kibanja chake cha migomba kinabaki kwa nani, maana hayo ndiyo maswali niliyoyasikia siku zote za msiba. Yeye aliuliza, "Walisoma nini?" Nikamwambia: zaburi, somo la waraka, Injili, na sala zao Wakatoliki za kaburini. "Kwa lugha gani?" Kwa Kiswahili, nikasema, isipokuwa nyimbo mbili tatu za Kinyambo. "Na ulielewa yote?" Nilicheka huku machozi yananitoka. Hakuna mtu mwingine chini ya jua ambaye angeniuliza maziko kwa namna hiyo, na nilijua vizuri swali lake limezaliwa wapi.

Limezaliwa katika mwaka mmoja ambao mimi na yeye tulipanga kwa Mama Leokadia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo, nafundisha Kiswahili na Kiingereza kwa mkataba katika sekondari ya pale. Naoki alikuwa mwalimu wa kujitolea wa hisabati. Uani kwa Mama Leokadia kulikuwa na vyumba vya kupangisha vilivyofuatana kwa mstari, na ukuta wa tofali kati ya chumba na chumba ulikomea chini ya bati, hauligusi, hivi kwamba mtu akipiga chafya chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza humtakia afya. Ndani ya chumba changu mlikuwa na kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi, na kamba ya nguo. Kwa Naoki mlikuwa na vitu hivyo hivyo, tena vimepangwa vizuri zaidi, na juu ya meza picha ya mwanamke mzee aliyevaa aproni, akikunja jicho kwa sababu ya jua. Mbele ya picha aliweka kikombe cha maji, na kila siku aliyabadilisha. Mama Leokadia aliona mapema, kwa kuwa yeye aliona kila kitu. Hakuuliza.

Tulikula wote jikoni kwake, kwenye jengo la pembeni lenye moshi uliopaka boriti rangi ya chungu. Chakula kilikuwa ndizi na maharage katika sufuria moja, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, na siku nyingine dagaa wa ziwani. Naoki alijifunza kumenya ndizi akakubali vidole vyake viwe vyeusi kwa utomvu. Mama alimfundisha kwa kumpiga kofi dogo la mkono kila alipokata nyama ya ndizi pamoja na ganda. "Waitu, unatunyima chakula," alimwambia, na lile waitu, ambalo kwa watu wa huku ni neno la kubembeleza na la heshima, kwake lilikuwa na kiboko ndani. Alfajiri nilimsikia Naoki kupitia ule ukuta uliokomea njiani. Alikuwa akisema maneno kwa sauti ya chini, ya mkazo mmoja, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayehesabu mifuko. Miezi ya mwanzo nilidhani anakariri kanuni za hisabati. Nilipomwambia Mama hivyo aliniangalia kama mtu anayehitaji kurudi chuo. "Anasali yule," alisema. "Mtu anayesali hujulikana, hata usipomjua anayemwomba."

Habari ilifika wakati wa kahawa. Uwanja mzima ulikuwa umeanikwa kahawa, tukipita pembeni kwenda chooni. Naoki alikuwa amepanda dukani kwa Bi Mwanaisha, juu kidogo ya barabara, ambako simu ilishika mtandao vizuri, na aliporudi alikaa kwenye kigoda chake cha jikoni akapokea sahani, akaiweka miguuni. "Bibi yangu amekwisha," alisema. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa na neno amefariki kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza. Mama Leokadia aliweka upawa chini. Alimwuliza ni yule wa kwenye picha? Ndiye. Ndiye aliyekulea? Ndiye. "Unasafiri lini?" Naoki akaeleza kwamba hata angeanza safari usiku ule asingewahi, kwani kwao hawakai sana na maiti, kesho kutwa wangemchoma. "Kumchoma," alisema Mama, si kwa kuuliza. Mimi niliona aibu kwa niaba ya watu wengi, sijui kwa nini. Kisha akasema kwa sauti yake ya kugawa kazi, "Basi kwao watafanya ya kwao, na sisi tutafanya ya kwetu. Mtu hawezi kufiwa peke yake chumbani kama paka. Jumapili alasiri tutaketi matanga hapa. Kwenu mnasoma nini?" Naoki akasema kuna sala moja fupi ya Kibudha, ile aliyoisali kila alfajiri, bibi yake ndiye aliyemfundisha, wamepiga magoti mbele ya meza ya kuwakumbuka mababu. "Utaisoma hiyo," alisema Mama. "Na Kemilembe," akaninyooshea kidole, "atatuambia maana yake."

Kesho yake jioni alikuja Mzee Thadeo, mwinjilisti wa mtaa wa Kilutheri ambako niliimba kwaya. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti moja la kazi zote, na aliheshimiwa kuliko hata mwenyekiti wa kijiji. Nilimpa shikamoo nikamletea kiti, akakaa bila kuegemea. Alimpa Naoki mkono wa pole kwa muda mrefu, mikono yote miwili, akamwuliza jina la bibi. "Fumiko," alisema Naoki. Mzee akalirudia mpaka likamkaa mdomoni. Kisha akanigeukia mimi. "Sikatai kuja," alisema. "Mtu akifiwa unakwenda, hilo halina dini. Lakini kwenye matanga akisoma mtu, watu huitikia amina. Mimi amina yangu siitoi kwa maneno nisiyoyajua. Mniambie yanasema nini, bila kunificha. Yakiwa mabaya nitanyamaza kwenye kiti changu. Yakiwa mazuri nitaitika na wengine wataitika nyuma yangu." Nikamwuliza, "Na nikikufasiria vibaya, Mzee?" Akafikiri. "Hapo nitakuwa nimeitikia uongo wako, si sala yake. Utajibu wewe." Hakusema kwa ukali. Lakini sote tuliokuwa uani tulielewa kwamba Mzee Thadeo akinyamaza, nusu ya watu wangenyamaza, na kwamba nusu ya hao wangekumbuka ghafla kuwa wana kazi nyumbani.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nilimwambia Naoki anieleze maana kwa Kiingereza, mimi nitaigeuza. Akakuna kichwa. "Sijui maana," alisema. Nilidhani sijasikia vizuri. Akaeleza kwamba sala yenyewe si Kijapani. Iliandikwa kwanza kwa lugha ya kale ya India, ikafasiriwa Kichina cha zamani, na wao Wajapani waliichukua ile ya Kichina wakaisoma kwa matamshi yao. Alijua kila sauti, wapi pa kupumua, wapi bibi yake aligonga kengele. Maana alijua kidogo tu, kwa kubahatisha. "Unasali usichokielewa?" nilimwuliza, na ilikuwa ni Mama Leokadia, anayechambua maharage, aliyemjibia. Alisema yeye alipokuwa msichana mdogo misa ilikuwa ya Kilatini, wakijibu kanisa zima, wala hakuna aliyejua anajibu nini. "Tulijibu tu. Padri naye sijui kama alijua." Kisha akaongeza, "Lakini kwenye matanga yangu nataka kujua."

Kwa hiyo tulipanda kwa Bi Mwanaisha. Babu yake alikuja na biashara kutoka Pangani, na yeye mwenyewe, aliyezaliwa hapa na kusema Kinyambo kama mtu yeyote, alikuwa bado na Kiswahili cha pwani kinachoteleza kama mafuta. Alituwekea benchi barazani kati ya magunia ya chumvi na madumu, akatuacha na simu zetu. Ukurasa wa kwanza tulioupata ulinifurahisha, kwa sababu ulikuwa wa Kiswahili. Nilianza kuusoma kwa sauti. Ulisema mwili wa binadamu na utupu wake havitengani, na mwenye hekima huutazama utupu huo bila hofu. Bi Mwanaisha akatoa kichwa dirishani. "Utupu wa nani huo, mwalimu? Ndio unataka kwenda kuusoma mbele ya wazee?" Akacheka mpaka akashika kaunta. Mimi nilicheka pia, halafu nikaacha, kwa sababu Naoki hakuelewa na ilibidi nimweleze kwamba neno hilo kwetu lina maana mbili, chombo kisicho na kitu, na pia sehemu za siri za mtu. Alipoelewa hakucheka. Aliuliza, "Sasa aliyeandika, hakujua?" Tukatazama. Hakuna aliyeandika. Hapakuwa na jina la mfasiri, hapakuwa na neno lolote kuhusu lugha iliyofasiriwa, na mtu mmoja anayetajwa katika sala aliitwa mtakatifu juu ya ukurasa, mganga katikati, na shujaa chini. Ni mashine iliyokuwa imepitia maneno kama trekta. Tukauacha.

Za Kiingereza zilikuwa nyingi, na wingi huo ulinidanganya kwa muda. Niliona kurasa tano zinasema neno lile lile, nikasema basi, mashahidi watano wanatosha. Naoki, ambaye kichwa chake ni cha hisabati, ndiye aliyegundua kwamba kurasa hizo zilikosea pia herufi ile ile mahali pale pale. Zilikuwa zimenakiliana. Shahidi alikuwa mmoja, amevaa mashati matano. Mwishowe tulibaki na tafsiri tatu zilizotofautiana kwelikweli. Moja ilikuwa ya msomi, kavu kama muhogo, yenye maelezo ya chini marefu kuliko sala yenyewe. Moja ilikuwa ya watawa wenyewe, imekatwakatwa ili iimbike. Na ya tatu ilikuwa nzuri. Nasema nzuri kwa maana halisi. Nilipoisoma pale barazani nilisahau magunia ya chumvi. Ilisema habari ya nuru, na ya mto unaovukwa, na ya wapendwa waliotangulia wakitungoja mlangoni ng'ambo. Niliona mbele yangu Mzee Thadeo akiitika amina kwa sauti yake ya mimbarini.

Usiku huo huo niliiandika kwa Kiswahili, na asubuhi nikaisoma jikoni. Sikujaribu kufasiri neno kwa neno, niliipamba, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi wakati ule na nilijipenda nikiandika. Mama Leokadia alisikiliza huku akichochea kuni. Nilipofika kwenye kungojwa mlangoni alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mumewe alikuwa amelala kaburini pale nyuma ya nyumba miaka mingi. "Hiyo," alisema. "Soma hiyo." Naoki alikuwa amesimama kwenye kizingiti na mswaki mkononi. Alisubiri mpaka Mama alipotoka kwenda kisimani, akasema, "Kemi, hiyo ya mlangoni iko wapi?" Nikamwambia iko katika tafsiri ya tatu. "Najua. Katika sala iko wapi?"

Hilo swali tulilipeleka shuleni. Ilikuwa Jumamosi, madarasa matupu, na Naoki akaandika sala nzima ubaoni katika chumba cha kidato cha pili, alama moja moja, kwa chaki, kutoka kumbukumbu na kwa kuhakikisha kwenye simu. Ilijaza ubao. Wanafunzi wa bweni waliokuwa wakifua walikuja wakashikilia nondo za dirisha. "Mwalimu," mmoja aliuliza, "hiyo hesabu ni ya kidato cha ngapi?" Nikamwambia hiyo si hesabu, ni msiba, na wote wakaondoka kimya. Tulianza alama ya kwanza. Chini ya kila moja Naoki aliandika maana aliyofundishwa shuleni kwao, mimi nikaandika tafsiri tatu zinavyosema, kila moja kwa mstari wake. Nyingine alizijua mara moja. Nyingine alisema, "Leo maana ni hii, lakini zamani sijui. Inaweza kuwa kama utupu wako." Palipokubaliana wote wanne, yaani Naoki na wale watatu, tuliandika kwa ujasiri. Walipotofautiana tulitazama msomi anasema nini chini ya ukurasa wake, na ndipo nilipoanza kumpenda yule mtu mkavu. Yeye peke yake alisema mara kwa mara: hapa sina hakika, hapa nakala za kale hazilingani, hapa Wachina waliacha sauti ya Kihindi bila kuifasiri, na maana yake hakuna ajuaye kwa yakini. Yule mwenye maneno matamu hakuwa na shaka popote. Tulipofika sehemu ya mwisho, ambayo ubaoni ilikuwa mstari mmoja mfupi wa sauti tupu, yeye alikuwa na ubeti mzima wenye mto, nuru na mlango. Naoki alisimama mbele ya mstari ule na chaki mkononi. "Maneno yote haya yametoka wapi?" Tukarudi kwenye ukurasa, tukasoma mpaka chini kabisa, ambapo mwandishi mwenyewe alikuwa amekiri, kwa herufi ndogo, kwamba hajui lugha hizo za kale, ila amesoma tafsiri za wengine na kuandika alichojisikia moyoni.

Nilikasirika, na hasira yangu ikamwendea Naoki. Nilimwambia yeye hajui watu wa hapa. Nilimwambia akisoma hii kavu, yenye hakuna hiki na hakuna kile, Mzee Thadeo atanyamaza na watu watatawanyika na Mama Leokadia atabaki na sufuria zake za ndizi. "Unataka watu wakae au waondoke?" nilimwuliza. "Kuna ubaya gani? Ni maneno mema. Hata wewe yangekufariji." Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakiwa yamegota ubao wa chini. Hakuwahi kulia mbele yangu tangu habari ifike, na hapo ndipo alipolia, kwa namna ya mtu asiyezoea, akijizuia kwa mkono. "Nataka wamlilie bibi yangu," alisema. "Hayo ya mlangoni ni ya mtu mwingine. Bibi yangu hakuyasoma. Wakilia kwa hayo, watamlilia bibi wa mtu mwingine." Nilichukua karatasi yangu iliyopambwa nikaikunja, na tukaendelea na ubao mpaka jua likaanza kuingia kwa upande wa dirisha.

Tulibaki na lile neno moja, la utupu. Naoki aliweza kunieleza kwa mikono tu: kitu kipo, lakini ukikitafuta ndani, kile kinachokifanya kiwe chenyewe peke yake hukioni. Nilijaribu uwazi, nikajaribu ubatili, ambalo Mzee Thadeo angelipokea kwa Biblia yake lakini lingemaanisha jambo jingine. Basi nikashuka kwenye maelezo ya msomi, na huko nikakuta anasema kwamba katika maandishi mengine ya kale zaidi ya Wabudha wazo hilo lilielezwa kwa mfano wa mmea. Tukatafuta mfano huo. Ukurasa mmoja ulisema kitunguu. Mwingine ulisema tete. Msomi alisema mgomba: mtu anaingia msituni na shoka kutafuta mti mgumu, anakata mgomba, anaondoa ganda baada ya ganda, na kiini cha mbao hakioni. Nilicheka peke yangu pale darasani. Nimezaliwa kwenye migomba. Najua shina lake si mti, ni maganda yaliyokumbatiana, na ule weupe laini wa katikati nao ni maji matupu, huwezi hata kutengenezea mpini wa kisu. Aliyesema kitunguu alikuwa amewaonea huruma wasomaji wake wasioujua mgomba, akawabadilishia. Mtu mwenye shoka hahitaji kitunguu. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile sikuhitaji kumwamini msomi kwa sababu ya usomi wake. Niliweza kutoka nje ya darasa na kuonyesha kwa kidole.

Jumapili walikuja watu wengi kuliko tulivyofikiri. Kahawa ilikusanywa pembeni, mikeka ikatandikwa, wanaume wakaketi kwenye viti na mabenchi ya shule upande wa barabara, wanawake karibu na jiko. Bi Mwanaisha alifunga duka akaja na sukari na jamaa zake wawili. Picha ya Bibi Fumiko ilitolewa chumbani ikawekwa kwenye meza yenye kitambaa cha Mama cha sikukuu, na kikombe cha maji mbele yake. Naoki alipiga magoti kwenye mkeka akasoma. Watu walisikiliza ule mkazo mmoja usiopanda wala kushuka, na kuku, na mtoto mmoja aliyeambiwa kwa kunong'ona anyamaze. Alipomaliza nikasimama na karatasi yangu. Nilianza kwa kusema tulivyoifasiri, kutoka lugha gani hadi lugha gani, na kwamba pasipo na hakika nitasema. Kisha nikasoma. Sikuwahi kusoma kitu kikavu namna ile mbele ya watu. Nilipofika mahali pa shaka nilisema, "Hapa wafasiri hawakubaliani," nikasoma mawili yote. Nilipofika kwenye mfano niliwaambia kwamba huu haumo katika sala, umetoka katika maandishi mengine ya dini hiyo, nauleta kama maelezo. Niliposema mgomba niliona vichwa vikiinuka. Na nilipofika mstari wa mwisho nilisema, "Hizi ni sauti za Kihindi cha kale. Maana yake hatuijui. Bibi Fumiko alizisema hivyo hivyo kila asubuhi." Nikaketi.

Hakuna aliyeitika. Niliangalia viatu vya Mzee Thadeo kwa sababu uso wake sikuweza. Viatu vilisogea, akasimama. "Sikusema amina," alisema. "Kuna mengine humo sikubaliani nayo, na mengine sijayaelewa, na huyu binti ametuambia wazi kwamba hata yeye hajayaelewa. Namshukuru, kwa sababu sasa najua ninanyamazia nini. Lakini la mgomba nimelisikia. Ni kweli, hauna mti ndani. Mmeukata wote hapa, mnajua. Hauna kitu ndani, lakini unazaa mkungu, na mkungu unalisha watu, na pembeni unaacha chipukizi." Akamgeukia Naoki. "Chipukizi la Fumiko ni wewe. Tumekuja kukupa pole." Akaenda akamshika mikono yote miwili kama siku ile ya kwanza, kisha hakurudi kwenye kiti chake, aliketi mkekani pembeni yake, na koti lake. Wanawake upande wa jiko wakaanza kulia, kilio chenyewe, kile cha kuita jina. Na jina waliloliita, kwa ndimi za Kinyambo zilizoligeuza kidogo, lilikuwa Fumiko. Naoki aliinamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka. Hakuna aliyeondoka mpaka ndizi zilipoisha.

Naoki alimaliza muda wake akaondoka msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, watu wakimpa mifuko ya waliokaangwa ambayo sijui kama iliwahi kufika. Mimi sikuendelea sana na ualimu. Kazi yangu hapa Kayanga ni kuhakiki tafsiri: vipeperushi vya zahanati, maelekezo ya dawa za kahawa, mara moja moja mafundisho ya dini mbalimbali ambayo watu huyatoa mtandaoni na kutaka kuyachapisha. Naulizwa nawezaje kujua ipi ya kuamini. Huwa naanza chini ya ukurasa, kwenye herufi ndogo. Natafuta jina la mtu. Natafuta alifasiri kutoka lugha gani. Natafuta mahali aliposema hajui, na nisipopaona hata mara moja, naongeza chai kikombeni, kwa kuwa najua nitakaa sana. Wateja wengine hawapendi. Wanataka mashahidi watano, na nikiwaambia ni mashati tu yaliyobadilishwa wananiona mkaidi.

Mzee Thadeo alifariki miaka kadhaa kabla ya Mama Leokadia. Hivi karibuni mtu mmoja, ambaye kwa jina lake nadhani alikuwa mmoja wa wale walioshika nondo za dirisha, ameweka mtandaoni picha ya sanamu ya Budha, na juu yake kaandika kwa Kiswahili kizuri kwamba mgomba hauna mti ndani, lakini unazaa mkungu, na unaacha chipukizi. Chini ameandika: hekima ya kale ya Wabudha. Watu wengi walikuwa wameipenda na kuisambaza, wengine kwa kuigeuza Kiingereza. Katikati ya pongezi zote palikuwa na mmoja aliyeuliza neno moja tu, chanzo? Hakuna aliyemjibu. Nilivaa miwani nikaandika kwamba sehemu ya kwanza imo katika maandishi ya kale, kwa kadiri wafasiri walivyoelewa. Na kuanzia neno lakini hadi mwisho ni maneno ya Mwinjilisti Thadeo wa Isingiro, Mlutheri, aliyoyasema mwenyewe kwenye matanga ya Bibi Fumiko. Baada ya muda simu ikalia. Yule aliyeuliza chanzo alikuwa ameuliza tena: Bibi Fumiko ni nani? Nikavuta kiti karibu na dirisha, nikaanza kumwandikia.